Aliyekuogesha Siku Ile

Chapwa, jioni

Mwanangu Lugano,

Umetoka sasa hivi na mtoto mgongoni kwenda kuwaaga akina mama wa kanisani. Najua hutarudi upesi, maana kila mmoja atataka kumpakata Ipyana na kila mmoja atakuwa na la kukuambia. Nimepata saa mbili, labda tatu. Nimefunga mlango wa mbele, nimechukua daftari lako la zamani la shule lililobaki na kurasa, nimekaa mezani.

Mambo ya safari sitayagusa. Karatasi za kuvukia mpaka unazo, kadi ya kliniki ya mtoto unayo, na mumeo anakungoja Kasama. Wewe si mtu wa kufundishwa kufunga sanduku. Nina jambo moja tu, na nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu tangu shangazi yako Tusekile alipokuja kumwona mtoto akaondoka. Mara ya kwanza ulikuwa unanyonyesha, nikasema ningoje. Mara ya pili nilifika mlangoni kwako nikaishia kukuuliza kama umekula. Mara ya tatu hata kwenye kiti sikuinuka.

Ni habari ya mguu wako.

Lile kovu la mguu wa kushoto, linaloanzia vidoleni na kupanda hadi juu ya goti, umekua ukiambiwa kwamba shangazi yako alikuogesha kwa maji ya moto ukiwa kichanga. Ndivyo walivyokuambia watu wa kwetu Ibaba, ndivyo alivyokuambia bibi yako, na mimi nilipoulizwa nilitikisa kichwa kukubali. Shuleni ulivaa soksi ndefu hata siku za jua kali. Nilikusikia ukiwasimulia wenzako, na kila mara ulimaliza kwa kusema, "Shangazi yangu huyo, mimi simwelewi."

Mwanangu, si yeye. Aliyekuogesha siku ile ni mimi.

Sasa soma taratibu, mama, nikueleze ilivyokuwa.

Mama yako Sekela alikuzaa siku ya Jumatano, akafariki Jumapili kwa kutokwa na damu. Nilirudi nyumbani na wewe umeviringishwa kwenye kanga yake, na sikujua nikulaze wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Kazi yangu unaijua: kung'oa matairi ya malori yanayongoja kuvuka, kuziba pancha, kupiga nyundo rimu zilizopinda. Mikono yangu wakati ule ilikuwa migumu kuliko unavyoiona leo. Nilikuwa naweza kuepua sufuria jikoni bila kitambaa, na vijana wa maegeshoni wakashangaa, nami nikajisikia mwanaume.

Shangazi yako akaja kutoka Ibaba. Alikuwa na miaka ishirini, ameshaposwa na kijana wa Itumba, harusi ikingoja mavuno tu. Akaacha shughuli zake zote akaja kukulea. Alikuwa amejifunza kwa mama yetu, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Mwanzoni, kitovu kilipokuwa hakijadondoka, hakukuingiza kwenye beseni kabisa. Alikupangusa tu kwa kitambaa kibichi, akakiacha kitovu kikavu, na mtu akimletea dawa ya kupaka hapo anaikataa. Kilipodondoka ndipo alipoanza kukuogesha, saa za mchana upepo ukitulia. Anatoa jiko la mkaa nje ndipo anafunga dirisha. Anatandaza kitandani kila kitu, kanga, nguo, nepi, ili asije akageuka kutafuta kitu huku wewe uko majini. Kisha maji: baridi kwanza, ya moto baadaye, na kiwiko. Kila siku kiwiko. Anakushika shingo na kichwa kwa mkono mmoja na kukuongelesha Kindali kama mtu mzima mwenzake.

Haya nayajua kwa kuchungulia pazia likipepea. Ndani sikuingia. Nitaandika kama lilivyokuwa: sikukushika, Lugano. Ukilia, nilitoka nje. Nilipokutazama niliona kitu kilichoninyang'anya mke wangu. Najua kuandika hivi ni kukuumiza, lakini nikiliruka hili, yanayofuata hayataeleweka.

Ulikuwa na wiki tatu. Maji yalikuwa ya shida mtaani, bomba moja kwa nyumba nyingi, na siku ile ndoo yetu ilibaki na maji ya chini kabisa. Tusekile akachukua ndoo nyingine kwenda kupanga foleni. Akaniambia, "Kaka, akiamka mbebe tu. Kuoga, nitamwogesha mwenyewe nikirudi."

Uliamka umejichafua mpaka mgongoni. Ukalia sana. Nilisimama uani, nikakuacha ulie. Mama Frida, jirani yetu huyu huyu aliyekuogeshea Ipyana wiki hizi sita, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa uzio. Akaniita, "Baba Lugano! Huyo mtoto ana baba au ana mlinzi tu?"

Ilinichoma. Nikaingia ndani kwa hasira, si kwa upendo. Nikachukua birika kwenye jiko nikamimina maji ya moto kwenye beseni. Nikaongeza ya baridi yaliyobaki kwenye ndoo, hayakufika hata vikombe viwili. Nikaingiza mkono. Nikaona vuguvugu. Nakuapia, mkono wangu uliniambia vuguvugu. Nikakushika kwapani nikakushusha, na mguu wa kushoto ndio ulioingia kwanza.

Kilio kile sitakiandika.

Nilikutoa, nikasimama katikati ya chumba nimekushikilia, sijui nifanye nini. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukushika. Tusekile akaingia uani na ndoo kichwani. Alikutoa mikononi mwangu, akakaa chini kwenye udongo, akaanza kukumwagia mguu yale maji aliyoyapangia foleni asubuhi nzima, kikombe kwa kikombe, taratibu, bila kuacha, huku mwili uliobaki amekufunika kifuani pake usipate baridi. Mama Frida alikuja mbio na dawa ya meno akitaka kukupaka. Tusekile akamsukuma mkono. "Asipakwe kitu!" Akamwaga mpaka ndoo ikaisha. Kisha akakufunika mguu kwa kanga safi, akakimbia nawe hospitali, nami nikamfuata nyuma kama mtu asiyehusika.

Pale hospitali nesi mzee akakufunua mguu, akanyanyua macho. "Nani humwogesha mtoto huyu?"

Nikasema, "Dada yangu."

Angalia maneno yale. Yalikuwa kweli. Nani humwogesha, ni dada yangu. Nesi hakuuliza nani amemwogesha leo, nami sikumsaidia kuuliza. Tusekile aligeuka akanitazama. Alikuwa amekupakata wewe. Angesema neno moja tu ningeanguka. Nesi akaanza kumfokea mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi, msichana mzima huna akili, hata maji ya kuogea huyajui, na yeye akainamisha kichwa akasema, "Samahani, sista."

Jioni daktari akapita. Akasema mguu utapona na utatembea, kwa sababu aliyemmwagia maji baridi mapema amemwokoa sana. Akauliza, "Nani alifanya hivyo?" Nikanyamaza. Tusekile alikuwa ametoka kwenda kutafuta uji. Daktari akadhani ni mimi, akanipiga bega. Nikakubali na hilo pia.

Kwa hiyo usifikiri nilidanganya mara moja kwa kuchanganyikiwa. Siku ile moja nilipewa nafasi mbili, na zote mbili niliziacha.

Mengine yalifuata upesi. Mama yangu alishuka kutoka Ibaba, akalia, akamrudisha binti yake wiki ile ile. Ndugu wa mama yako walisema maneno ambayo sitayarudia. Habari zikafika Itumba. Wale wa posa hawakugombana, walikuja kwa heshima wakasema wanaomba jambo lisimame kwanza, na likasimama mpaka leo. "Kama kamuunguza mtoto wa kaka yake, wa kwake atamfanyaje?" Ndivyo ilivyosemwa. Kule kwetu mwanamke mwenye mkono mwepesi huitwa nyumba hadi nyumba mtoto anapozaliwa. Tusekile hajaitwa hata mara moja. Miaka ishirini na sita, analima viazi, anaishi kwenye nyumba ya mama, na watoto wanazaliwa ng'ambo ya kijito chake anasikia tu vigelegele. Mama amekufa akiamini hivyo hivyo. Nilisimama kaburini na udongo mkononi, nikaumwaga pamoja na wengine, sikusema kitu.

Tusekile aliporudishwa Ibaba akaniachia wewe, ilibidi nijifunze. Mama Frida alinifundisha. Siku ya kwanza nilipotaka kutia kiganja kwenye beseni akanikamata mkono: "Kiwiko, baba. Kiganja chako cha chuma." Hapo nikajua kwamba anajua. Alisema mara moja tu, akikukausha makunjo ya shingo, bila kunitazama: "Ni dada yako, si wangu." Hakusema tena. Nadhani naye aliogopa yale maneno yake ya pale uzioni.

Tangu siku hiyo nilikuogesha mwenyewe kila siku mpaka ulipoweza kusimama na kunikatalia. Hilo ndilo unalolikumbuka, na hilo ndilo mtaa unalolikumbuka. Ulikuwa darasa la pili waliponisimamisha mbele ya kanisa, wakasema huyu ni mwanaume aliyelea mtoto mchanga kwa mikono yake, wapigieni makofi akina baba wa namna hii. Wewe ulikuwa benchi la mbele unapiga makofi kuliko wote.

Watu waliniletea wanawake wa kuoa, wazuri, wenye subira. Nilikataa wote, wakasema fundi bado anampenda marehemu. Nilimpenda, ndiyo. Lakini kilichonizuia ni kingine. Mke hulala karibu. Siku moja angeniuliza, na ningemjibu. Nikaona bora niwe peke yangu. Na hata nilipokuwa na wewe, mwanangu, nilikuwa peke yangu. Ulikuwa unampenda mtu mwingine, baba wa kwenye makofi, na mimi nilikaa pembeni nikiwatazama nyinyi wawili.

Ndiyo sababu ulipokuja kujifungulia hapa ukaniambia, "Baba, uliniogesha mimi, mwogeshe na huyu," nilisingizia mgongo. Niliona uso wako ulivyobadilika. Ulidhani simtaki mjukuu. Namtaka mno. Nilishindwa kuinama juu ya beseni mbele yako na kupokea sifa tena.

Kisha akaja Tusekile, wiki mbili zilizopita, na kiroba cha viazi na sweta dogo la njano alilofuma mwenyewe. Mama Frida alichelewa siku ile, na saa ya kuoga ilikuwa imefika. Mimi ndiye niliyeleta beseni. Tusekile akakunja mikono ya gauni lake, akasema polepole, "Nimwogeshe mjukuu wangu?"

Ukamchukua mtoto kitandani. "Hapana, shangazi. Wewe kaa tu."

"Sawa, mama," akasema. Akaishusha ile mikono ya gauni mpaka kwenye viganja, akafunga na vifungo. Akakaa kwenye stuli na mikono mapajani, akakutazama ukimwogesha, na ulipogeuka kutafuta taulo niliona mkono wake ukinyanyuka wenyewe kumlinda mtoto, halafu akaurudisha.

Hukukosea. Mama yeyote angefanya hivyo kwa habari ulizokuwa nazo, na habari hizo nilikupa mimi. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilikuwa na mdomo.

Nilimsindikiza hadi kituo cha magari ya Itumba. Njiani nikamwambia, "Tuse, nitamwambia."

Akacheka kidogo. "Kaka, ulisema hivyo alipoanza shule. Ulisema hivyo alipopata kipaimara."

"Safari hii kweli."

"Mimi nimeshazoea," akasema. "Ila leo imeniuma. Sikutegemea iniume hivi." Akapanda gari, akakaa upande wa dirisha la mbali.

Jumamosi iliyopita nilipokuambia nakwenda Ibaba kufuata mbegu za viazi, sikufuata mbegu. Niliwaomba ndugu wakae, kaka yetu mkubwa na wazee waliobaki wanaokumbuka. Nikawaambia kama nilivyokuandikia hapa, na nesi, na daktari, vyote. Hakuna aliyepiga kelele. Kaka akauliza, "Kwa nini sasa?" Bibi mmoja, yule aliyekuwa akiwaonya mabinti wasimwache Tusekile na vichanga, alijifunika uso kwa kitenge akabaki hivyo hivyo. Tusekile aliinuka akatoka nje. Nikadhani amekwenda moja kwa moja. Alirudi uso umelowa maji ya kunawa, akaanza kukusanya vikombe vya chai. Aliponifikia akasema, "Umewaambia hawa. Bado mmoja."

Kwa hiyo ninaandika.

Hutakuwa na Mama Frida kule Kasama. Mwanzoni hutakuwa na mtu. Utakuwa wewe, beseni, na mtoto anayelia, na mumeo yuko kazini. Najua namna nyumba inavyokuwa kimya saa hizo. Mimi nilikuwa na mikono isiyohisi na nikaiamini, basi wewe usiiamini hata mikono yako laini, amini kiwiko. Mtoto akishaingia majini, birika lisisogezwe tena karibu naye, hata maji yakipoa. Mtoe, umfunike, basi. Na mlango ukigongwa, simu ikiita, acha viite. Maji ya kina cha kiganja yanamtosha mtoto kuzama. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu mkono unataka kuyaandika.

Ila ipo siku utakosea, si lazima kwa maji. Utamwangusha, utachelewa kuona homa, utamfokea mtoto asiyejua neno. Itakuwepo dakika ambapo mtu atakuuliza swali, na patakuwa na mtu mpole karibu ambaye unaweza kumwekea kosa naye akalibeba. Jibu siku hiyo hiyo, mwanangu. Siku ya kwanza ni aibu tu. Mimi nilidhani nimeiepuka aibu, kumbe nimemkabidhi Tuse maisha yake ayalipie, na wewe nimekunyima shangazi.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Ningeweza kuificha hii kwenye mkoba wa nguo za mtoto uikute ng'ambo, ukiwa umeshavuka na mimi siwezi kuuona uso wako. Nilifikiria hivyo, nakiri. Sitafanya. Nitakukabidhi mkononi asubuhi, kabla ya chai, na nitakaa hapo kibarazani mpaka umalize. Ukitaka kunifokea nitakuwepo. Ukitaka kuondoka bila kuniaga, nitakubebea sanduku hadi barabarani, nitarudi.

Kitu cha mwisho. Tusekile yuko hapa Chapwa. Amefika leo mchana, nilimwomba aje. Nilimwambia aje alale nyumbani akakataa, akasema haingii kwenye nyumba hii mpaka uwe umejua, kisha wewe mwenyewe ndiye uamue kama aingie. Yuko kwa Mama Frida. Usipotaka kumwona, atapanda gari la saa nne kurudi Ibaba. Amesema hivyo mwenyewe, na amesema hatakulaumu. Basi lako linaondoka saa sita. Kuna muda wa kutosha kumwogesha mtoto kabla ya safari.

Maji nitachota na kuchemsha mimi, na ya baridi nitajaza ndoo mbili. Nani amwogeshe, useme wewe.

Baba yako